Utafiti wa uzamivu kijijini: nifanye nini ninapokuta milango imefungwa?

SWALI: Mimi ni afisa afya katika halmashauri moja ya mkoa wa Mtwara, na niko mwaka wa pili wa masomo ya uzamivu katika afya ya jamii. Utafiti wangu unahusu sababu zinazowafanya wanaume wasimeze kingatiba ya matende na mabusha, yaani dawa inayogawiwa kwa kila mtu ili kukinga ugonjwa huo. Andiko langu lilipitishwa kwa dodoso la watu 384 katika vijiji 20. Mwezi Oktoba nilijaribisha dodoso hilo katika kijiji kimoja cha pwani, nikakuta karibu nusu ya kaya zilizoteuliwa zimefungwa, na wanaume wachache niliowapata karibu wote waliniambia wamemeza dawa. Msimamizi wangu ananishauri nihamie wilaya nyingine ambako watu wanapatikana, au kila ninapokuta nyumba imefungwa nichukue ya jirani. Muda unanibana. Je, nihame, nichukue nyumba za jirani, au niachane na dodoso nifanye usaili peke yake?

JIBU: Ndugu yangu, usihame, na nyumba ya jirani usiichukue. Nasema hivyo huku nikielewa kwamba msimamizi wako ana haki ya kuhofia muda, kwa sababu wapo wanafunzi wengi wa uzamivu walioishia njiani kwa kungoja sampuli isiyotimia. Hata hivyo, ushauri huo wa jirani, ambao katika utafiti wa mambo mengine ungeleta dosari ndogo tu, katika utafiti wa kingatiba unagusa kiini cha suala lenyewe, kwa kuwa mtu ambaye wewe hukumkuta nyumbani ana kila dalili ya kuwa ndiye yule ambaye mgawa dawa naye hakumkuta.

Tufanye hesabu ya mfano. Chukua kijiji chenye wakazi 1,000, watoto na wazee wakiwamo. Umewapata 700, na 560 kati yao wamemeza dawa. Hiyo ni asilimia 80, na ukichukua majirani kujaza nafasi za wasiokuwepo, tasnifu yako itaandika asilimia 80 au karibu yake, kwa sababu jirani aliyeko nyumbani anafanana na wale 700 kuliko anavyofanana na yule aliyeondoka. Sasa tuseme kwamba katika wale 300 usiowapata ni robo tu, yaani watu 75, waliomeza. Jumla ya waliomeza inakuwa 635, yaani asilimia 63.5 ya kijiji kizima. Kigezo cha Shirika la Afya Duniani ni kwamba dawa iwafikie angalau asilimia 65 ya wakazi wote, wakiwamo hata wale wasioruhusiwa kumeza. Kijiji kimoja, kampeni moja, na jibu linageuka kutoka kufaulu hadi kushindwa kutegemea kama ulirudi kugonga mlango au hukurudi.

Hapo hatujagusa takwimu za halmashauri, ambazo wewe mwenyewe, kwa kazi yako, unajua zinavyopatikana: idadi ya waliotiwa alama kwenye daftari la mgawa dawa inagawanywa kwa makadirio ya wakazi yanayotokana na sensa. Pale ambapo watu wamehamia mashambani au wavuvi wageni wamepiga kambi, makadirio hayo hayalingani na watu waliopo, na ndiyo maana mara nyingine tunasoma kiwango kinachozidi asilimia 100 bila mtu yeyote kushtuka. Ukipata nafasi ya kulinganisha daftari, makadirio na hesabu yako mwenyewe ya watu wa kijiji kimoja, una sura nzima ya tasnifu ambayo wasimamizi wa mpango watataka kuisoma.

Kuna jambo la pili ambalo kwa maoni yangu ndilo linalostahili kubeba shahada yako. Ivamektini na albendazoli zinazotolewa katika kampeni zetu huwaua mabuu ya minyoo yanayozunguka kwenye damu, lakini minyoo mikubwa iliyo kwenye mishipa ya limfu hubaki hai kwa miaka, mitano au zaidi, na huendelea kuzaa. Ndiyo sababu kampeni hurudiwa kila mwaka, angalau mara tano. Sasa fikiria kwamba kila mwaka asilimia 35 ya watu wanakosa dawa. Kama kukosa huko ni kwa bahati tu, mwaka huu huyu na mwaka ujao yule, baada ya awamu tano watakaokuwa hawajawahi kumeza hata mara moja ni kama watu 5 kati ya 1,000. Kama wanaokosa ni watu wale wale kila mwaka, watakuwa 350 kati ya 1,000. Ripoti za halmashauri zitaonyesha asilimia 65 katika hali zote mbili, ilhali katika hali ya kwanza mbu, ambao ndio wanaoueneza ugonjwa huu, wamebaki karibu bila mtu wa kuchukua vimelea kwake, na katika hali ya pili ugonjwa una hifadhi yake ya kudumu. Halmashauri nyingi nchini zimeshasimamisha ugawaji baada ya kufaulu vipimo, na zilizobaki ni chache, sehemu kubwa zikiwa za ukanda wa pwani. Jirani zetu wa Malawi walithibitishwa mwaka 2020 kwamba ugonjwa huu si tatizo la afya ya jamii tena kwao. Swali la nani hasa anayebaki nyuma, na kama ni yule yule kila mwaka, ndilo lililobaki mezani kwa maeneo yetu.

Kwa hiyo nakushauri ubadilishe swali. Tasnifu zinazoanza na maneno “sababu zinazochangia” zimejaa rafu za maktaba, na nyingi huishia kutuambia kwamba elimu ndogo, umbali na imani potofu vinahusiana na jambo fulani, na kwamba serikali iongeze elimu. Mtahini wa nje akikutana nayo atauliza jipya ni lipi, nawe utakosa la kumwonyesha. Jiulize badala yake: je, wanaokosa kingatiba katika awamu moja ndio wanaoikosa katika awamu inayofuata, na siku ya ugawaji huwa wako wapi? Swali hilo ni jembamba, lina jibu, na mtafiti wa wiki mbili hawezi kulijibu. Mwanafunzi wa uzamivu ana kitu ambacho miradi mikubwa mara nyingi haina, nacho ni miaka mitatu au minne ya kuwarudia watu wale wale.

Hili linanipeleka kwenye hiyo namba 384. Kila anayesimamia wanafunzi nchini ameizoea: inatokana na kudhani kwamba kiwango ni asilimia 50, ukingo wa makosa asilimia 5, na kwamba kila mtu ameteuliwa peke yake bila uhusiano na mwingine. Wewe hukuteua hivyo. Umechukua vijiji 20, watu kama 19 kila kijiji, na watu wa kijiji kimoja hufanana sana katika jambo hili, kwa sababu wote wanamtegemea mgawa dawa mmoja au wawili. Akiwa mzembe, kijiji kizima kinakosa. Tukisema kiasi cha kufanana huko ni 0.1 (0 ikiwa hawafanani kabisa, 1 ikiwa wanafanana kabisa), athari ya muundo wa sampuli, yaani namba ya kugawia sampuli yako, ni 1 kujumlisha 18 mara 0.1, yaani 2.8, na watu wako 384 wanakupa taarifa sawa na watu 137 walioteuliwa mmoja mmoja. Ukingo wa makosa unatoka asilimia 5 na kupita asilimia 8. Namba hiyo ilipita kwenye kamati kwa sababu imezoeleka, na kwa mtahini makini haitapita.

Ningekuwa mahali pako ningeshuka kutoka vijiji 20 hadi viwili au vitatu, kimoja cha wavuvi na kimoja cha wakulima wa korosho, nikaandikisha kila mkazi na kumpa namba, kisha nikawafuatilia wote katika awamu mbili za kampeni. Utapoteza uwezo wa kusema lolote kuhusu wilaya nzima, na ni lazima ukiri hivyo waziwazi katika sura ya mbinu. Lakini utaweza kusema jambo la uhakika kuhusu watu unaowajua, na ndani ya kila kijiji milango iliyofungwa itakuwa na majina. Weka kanuni kwamba mtu haandikwi “hakupatikana” mpaka nyumba yake itembelewe angalau mara tatu kwa nyakati tofauti: alfajiri kabla watu hawajatoka, jioni baada ya magharibi, na, kwa vijiji vya pwani yetu, Ijumaa baada ya swala, ambapo hata mwanamume wa shamba la mbali huonekana. Kila asiyepatikana aandikiwe alipo kwa maelezo ya jamaa zake: yuko shamba, yuko dago (kambi ya wavuvi), amesafiri, au yuko kwa mke mwingine. Hili la mwisho usilidharau. Mwanamume mwenye nyumba mbili katika vijiji viwili huweza kuandikwa mara mbili au asiandikwe kabisa, na katika kila nyumba utaambiwa kwa nia njema kwamba dawa amemeza kule.

Ukishawaandika hivyo utagundua kwamba kalenda ya kijiji na kalenda ya kampeni hazikupatana. Ulikwenda Oktoba, wakati korosho zinaanguka na familia nzima hulala shambani ili kuokota na kulinda mali yao isiibwe. Ungekuta milango wazi vipi? Ungekwenda Juni ungekutana na upuliziaji wa salfa, dawa ya unga ya mikorosho, ambapo wanaume hutoka usiku wa manane na mashine mgongoni ili wawahi utulivu wa alfajiri, na wakirudi mchana wamekuwa weupe kwa vumbi na macho yanawawasha, hawataki dodoso la mtu. Kwa wavuvi, mwezi wa angani ndio wenye amri. Wanaovua dagaa kwa taa hufanya kazi usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kubwa hupumzika, hushona nyavu na kukaa vijiweni. Panga ziara zako za vijiji vya uvuvi katika siku hizo za mbalamwezi, na walio dago wafuate huko huko, kwa idhini ya mkuu wa kambi na ya kijiji kinachowapokea. Nimewahi kumsikia mgawa dawa akisema kwamba wavuvi wa kijijini kwake ni wakaidi. Nilipomuuliza huwa anawapitia saa ngapi, alisema saa nne asubuhi, saa ambayo wamelala usingizi wa mtu aliyekesha baharini. Jambo la namna hiyo dodoso lako la sasa haliwezi kuliona, kwa sababu lina kisanduku cha “mtazamo hasi” na halina kisanduku cha saa.

Kuhusu wale waliosema karibu wote wamemeza, tatizo ni wewe, na ninasema hivyo kwa heshima. Ofisa wa halmashauri anayejulikana, tena pengine ndiye aliyesimamia ugawaji, akimuuliza mwanakijiji kama alimeza dawa ya serikali, jibu la adabu ni ndiyo. Aulize mtu mwingine, asiye mtumishi wa afya na asiye na undugu na mgawa dawa, na usaili ufanyike mbali na masikio ya mwenyekiti wa kitongoji. Swali lenyewe lisiwe “je, ulimeza kingatiba?” Mwoneshe vidonge vyenyewe kiganjani, vya aina zote mbili, na umwombe aeleze siku ile ilivyokuwa: alipimwa urefu kwa fito ili kujua idadi ya vidonge au hakupimwa, alimeza papo hapo mbele ya mgawaji au alipewa aende navyo nyumbani, alikuwa amekula au hajala. Aliyemeza kweli ana kisa cha kusimulia, hata kama ni kifupi. Asiyemeza hujibu kwa neno moja. Njia bora zaidi, kwa kuwa utakuwepo katika awamu ijayo, ni kukaa na mgawa dawa na kuangalia nani anameza, kisha baada ya miezi michache kuwauliza watu wale wale, ili ujue kwa kiasi gani kauli zao zinalingana na ulichokiona.

Je, upime damu? Wanafunzi wengi hutamani, kwa kuwa maabara huipa tasnifu uzito. Kumbuka tu kwamba mabuu ya minyoo hii huonekana kwenye damu ya vidole usiku, kati ya saa nne usiku na saa nane, yaani saa zile zile ambazo mvuvi yuko baharini, na ukipima waliobaki nyumbani umerudia kosa la mlango uliofungwa kwa gharama kubwa zaidi. Kipimo cha haraka cha antijeni, yaani cha chembe zinazotoka kwa minyoo, hakijali saa, lakini majibu yake huendelea kuwa chanya muda mrefu hata kwa mtu aliyekwisha kunywa dawa, kwa hiyo peke yake hakitakuambia nani anaambukiza leo. Kama huna fedha za kutosha, achana na damu. Swali nililokupa linajitosheleza bila sindano, na ridhaa za wanakijiji zitakuwa nyepesi kupatikana.

Dodoso au usaili? Vyote, lakini kwa mpangilio. Orodha ya wakazi kwanza, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha nani amekosa mara mbili. Kisha usaili wa kina na hao waliokosa mara mbili, pengine watu 20 au 30, mpaka uone husikii jipya. Usaili unaofanywa kabla ya orodha huishia kwa watu wanaopenda kuzungumza na wageni. Wanaume wataongea na mwanamume mwenzao kuhusu busha, na mara nyingi baada ya mazungumzo marefu juu ya mambo mengine. Usimtume binti mdogo akawaulize wazee habari hizo, kwake na kwao ni kukosa stara. Na kwa kuwa lazima utawakuta wenye mabusha waliojificha miaka mingi, kubaliana mapema na hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Ligula kama uko Mtwara, au Sokoine kwa wenzako wa Lindi, kuhusu namna watakavyopokelewa. Upasuaji wake unajulikana na unaponya. Kumwandika mtu kwenye daftari lako kisha kumwacha na mzigo wake si jambo ambalo kamati yoyote ya maadili ingelikubali kama ingeliona.

Mabadiliko haya yote hayawezi kuanza kabla ya kibali. Cheti chako cha maadili, iwe kimetolewa na chuo au na kamati ya kitaifa iliyo chini ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), kinahusu itifaki iliyopitishwa, na huhuishwa kila mwaka. Ukibadili swali, vijiji na mbinu, ni lazima upeleke maombi ya marekebisho na kungoja jibu. Peleka na fomu mpya ya ridhaa inayosema wazi kwamba utarudi kwa watu wale wale mwaka wa pili, kwamba majina yatatunzwa mbali na majibu, na kwamba kukataa hakuna uhusiano wowote na huduma katika zahanati. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuhusu moja kwa moja, kwa kuwa utakuwa umeshika orodha ya majina ya watu na taarifa za afya zao. Barua za TAMISEMI, katibu tawala wa mkoa na mkurugenzi unazijua kuliko mimi. La muhimu zaidi ni kuomba, kwa maandishi, usipangiwe kusimamia ugawaji wa dawa katika vijiji vya utafiti wako katika miaka hiyo miwili. Huwezi kuwa mkaguzi wa kazi yako mwenyewe.

Naona kati ya mistari ya swali lako hofu ya matokeo yatakayomuudhi mwajiri. Katika wilaya sita za Lindi na Mtwara uliwahi kufanyika utafiti mkubwa, ambao Taasisi ya Afya Ifakara ilishiriki, wa kuwatumia watu wa kujitolea wa vijijini kuwatembelea wajawazito na wazazi majumbani ili kuokoa watoto wachanga. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: utunzaji wa watoto nyumbani uliboreka katika mambo kadhaa, lakini vifo havikuonekana kupungua. Yalichapishwa hivyo hivyo, na tangu hapo hakuna anayeweza kupanga huduma za watoto wachanga kusini bila kujiuliza juu ya ubora wa huduma ndani ya vituo. Zungumza na mganga mkuu wa wilaya sasa, kabla hujaanza, na umweleze kwamba kiwango utakachokipata huenda kikawa chini ya kile cha ripoti. Akisikia kutoka kwako mapema atakuwa mshirika, na akisikia siku ya kuwasilisha atakuwa adui.

Mrejesho kwa wanakijiji upangie bajeti tangu sasa. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na ni mahali pa lazima, ila wale waliokosa kingatiba ndio watakaokosa na mkutano. Peleka matokeo pia kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika wakati wa kupeleka korosho, ambapo wakulima wengi hufika, na forodhani mchana wa siku za mbalamwezi.

Kwa msimamizi wako, usiende na hoja ndefu. Chukua kile kijiji ulichojaribisha Oktoba, rudi Februari kwa siku chache ukiwa na orodha ile ile ya kaya zilizofungwa, na kwa kila moja andika nani anaishi humo, alikuwa wapi Oktoba, na alikuwa wapi siku ya ugawaji uliopita. Kaya 10 zikikujibu kwamba siku zote mbili mwenye nyumba alikuwa mahali pamoja, mpelekee jedwali hilo la ukurasa mmoja pamoja na fomu ya marekebisho ya itifaki, ili aisaini kabla ya msimu wa salfa.